Nani aliweka geti kwenye bembea?

Najua nimekuwa mtoro humu kwa wiki kadhaa, na kwa wale walioniandikia kuuliza kama nimehamia gazeti jingine, jibu ni hapana: niko palepale na mshahara ni uleule. Nilikuwa likizo nyumbani Mhunze. Huko nikakuta dada yangu ameshanipangia kazi bila kuniuliza. Mwanawe wa miaka saba, mpwa wangu huyo ninayemtajataja humu, alikuwa ameona kwenye simu tangazo la sehemu ya michezo ya watoto jijini Mwanza, lenye treni ndogo nyekundu. Kila alipolia kuhusu treni, mama yake alimjibu, "Subiri mjomba wako aje." Mjomba akaja.

Kwa wasiokujua kwetu, Mhunze ndiyo makao makuu ya Wilaya ya Kishapu, mkoani Shinyanga. Kuna pamba, kuna dengu, kuna ng'ombe, kuna jua. Bembea tuliyokulia sisi ilikuwa kamba na tairi bovu kwenye mti. Tukaondoka alfajiri, tukapanda gari hadi Maganzo, pale tukadaka basi la Mwanza. Mpwa alikuwa amevaa shati lake la kanisani. Njia nzima swali lilikuwa moja: je, treni hiyo inapiga honi?

Jina la mahali tulipokwenda nalihifadhi, kama tunavyosema kazini. Sina nia ya kugombana na mfanyabiashara mmoja, na nina hakika wengi wenu mmeshakutana na ndugu zake katika miji mingine. Getini mlinzi alifungua begi letu, akatoa chupa mbili za maji na chapati ambazo bibi alizifunga kwenye gazeti (gazeti letu, nashukuru, angalau lina kazi). Chakula cha nje hakiruhusiwi. Dirishani nikalipa shilingi 10,000 kwa ajili yangu mimi, ambaye sikuwa na mpango wa kupanda chochote, na 5,000 kwa mtoto. Chini ya dirisha kuna kibao: FEDHA IKISHALIPWA HAIRUDISHWI. Kile kibao kingeniambia kitu kama ningekuwa makini.

Ndani, treni ilikuwepo. Ilikuwa imefungwa kamba, na juu yake kuku wawili. Fundi anakuja Jumatatu, wakasema. Tukaenda kwenye bembea kubwa ya kuzunguka. Pembeni yake kuna mti umepakwa rangi nyekundu, umeandikwa 120. Mpwa akasimama, akanyoosha shingo, akakosa kama sentimita tatu. "Huyu bado mdogo, braza," kijana wa bembea akaniambia. Haya, tukaenda kwenye utelezi na jumba la upepo la kurukia. Pale dada mmoja akamwangalia akasema, "Huyu mkubwa, ataumiza wenzake." Ndani ya nusu saa mpwa wangu alikuwa mkubwa wa kulipia dirishani, mchanga kwenye bembea, na mkubwa tena kwenye utelezi. Tukakaa kwenye benchi. Hakulia, na ningependelea alie. Akaniuliza, "Mjomba, kwa hiyo tumelipa kuangalia?"

Swali hilo limenikaa. Nimerudi kazini, nimeandika habari za bei ya pamba na za kikao cha madiwani, na bado liko. Kwa sababu huko tunakotoka, kuangalia hakujawahi kulipiwa.

Mnaotoka Usukumani mnajua ninachosema. Baada ya mavuno, kuanzia mwezi wa sita, wa saba, ngoma za mashindano zinatoka. Kuna pande mbili, Wagika na Wagalu, na kila upande unajifungamanisha na mganga wa karne ya 19: Ngika kwa Wagika na Gumha kwa Wagalu. Pande mbili zinapambana katika uwanja mmoja na kwa wakati mmoja. Anayeshinda ni yule aliyevuta watu wengi zaidi upande wake. Ndiyo maana wachezaji wanatafuta kila mbinu ya kushangaza: Bayeye wanakuja na chatu, Banunguli na nungunungu, wengine wanarusha majembe juu na kuyadaka. Na kabla hata ya siku yenyewe kuna waganga na dawa za mvuto, maana mtu akikosa watu amekosa kila kitu. Kule Bujora, karibu na Kisesa, Padre David Clement, Mkanada wa shirika la White Fathers, aliyachukua mashindano haya akayaunganisha na sikukuu ya Ekaristi, nayo ndiyo Bulabo inayofanyika kila mwaka kando ya Makumbusho ya Wasukuma. Bulabo maana yake maua.

Hebu tazama utaratibu huo kwa jicho la biashara. Mtazamaji halipi chochote, lakini ndiye mwenye nguvu yote. Ukinichosha, nageuka, natembea hatua ishirini, nimempigia kura mpinzani wako. Mtoto wa miaka saba aliyepenya katikati ya miguu ya watu akasimama mbele ya chatu anahesabika sawa na mzee mwenye ng'ombe mia. Mchezaji anajua hivyo, kwa hiyo jasho linamtoka. Hakuna mchezaji wa Bulabo aliyewahi kufunga kamba nyoka wake na kusema fundi anakuja Jumatatu.

Geti limegeuza mambo. Ukishalipa mlangoni, umeshapiga kura kabla hujaona. Ukinuna, ukizomea, ukiondoka baada ya dakika tano, hesabu ya jioni ni ileile. Hapo ndipo nilipoanza kujiuliza hili geti lilitoka wapi, maana kwa babu zetu halikuwepo.

Geti kubwa la kwanza katika historia ya Kishapu halikuwa la michezo kabisa. Tulilipita asubuhi ile kwa basi pale Maganzo, na mpwa akaniuliza kuna nini huko ndani. Mwaka 1940 Mkanada John Williamson, mwanajiolojia, aligundua almasi Mwadui. Chini yake kulikuwa na mwamba wenye almasi uliotanda eneo la hekta 146, mojawapo ya miamba mikubwa ya aina hiyo iliyowahi kuchimbwa duniani. Alichojenga Williamson kilikuwa mji kamili: nyumba, hospitali, shule, uwanja wa ndege, klabu yenye bwawa la kuogelea. Na kuzunguka mji huo, uzio. Kuingia kulihitaji kibali na kutoka kulihitaji kupekuliwa. Williamson alifariki 1958, mgodi ukauzwa kwa De Beers na serikali ya Tanganyika, baadaye ukataifishwa, baadaye tena wawekezaji wakarudi, lakini uzio na ukaguzi vilibaki. Mantiki yake inaeleweka: jiwe lenye thamani ya kijiji linaingia kwenye soli ya kiatu. (Jiwe maarufu kuliko yote, almasi ya waridi ya karati 54.5 iliyopatikana 1947, lilipita getini bila tabu yoyote likaenda Uingereza kuwa zawadi ya harusi ya Binti Mfalme Elizabeth. Kumbe inategemea unatoka na nani.)

Ninachotaka kusema ni hiki. Sisi watu wa ukanda huu, kuanzia Mwadui hadi migodi ya dhahabu ya Geita, tumejifunza geti kutoka mgodini. Geti la mgodi linalinda kilichomo ndani dhidi ya mtu. Ndiyo maana lina mlango mmoja, lina mlinzi, linapekua begi, na kila anayepita ni mshukiwa mpaka ithibitike vinginevyo. Sasa mtu anaponunua bembea tatu na treni na kujenga ukuta, anajenga geti analolijua. Sijui kama anafikiri hivyo. Lakini pale dirishani, chapati za bibi zilipekuliwa kama mtu anayetafuta karati.

Nitakuwa mwongo nikisema hatukuwahi kuwa na geti la namna nyingine. Tulikuwa nalo, na liko Mwanza hukohuko. Mwaka 1964, wakati nchi ni changa kabisa, serikali ilianzisha bustani ya wanyama katika kisiwa cha Saanane, mkabala na Capri Point. Ilikuwa ya kwanza ya aina yake nchini. Kisiwa kilikuwa cha Mzee Saanane Chawandi, mvuvi na mkulima, ambaye alilipwa fidia akahama, na jina lake likabaki. Kilikuwa pia kituo cha kupumzishia wanyama waliokuwa wakipelekwa kisiwa cha Rubondo. Lakini kazi yake nyingine ndiyo inayonigusa: kumwonyesha mwananchi wanyama wa nchi yake. Mtoto wa Mwanza au wa Shinyanga mwaka ule angefikaje Serengeti, kwa gari la nani? Basi mnyama akaletwa kwa mtoto. Kulikuwa na boti tu na maji kidogo katikati. Wazee wengi wa kanda hii ukiwauliza simba wa kwanza walimwona wapi, watakwambia Saanane, walikwenda na shule.

Mwaka 1991 kisiwa kilipandishwa kuwa pori la akiba, na mwaka 2013 kikawa Hifadhi ya Taifa, yenye ukubwa wa kilomita za mraba 2.18 tu ukijumlisha na maji, mojawapo ya hifadhi ndogo kabisa nchini. Ni mahali pazuri. Kuna mawe, kuna pimbi, swala, kenge, tumbili, na upepo wa ziwa. Watoto walio chini ya miaka mitano hawalipi, na Mtanzania halipi sawa na mgeni. Lakini ona safari ya wazo lenyewe. Bustani ya wanyama ilikuwa inamleta mnyama mbele ya mtoto. Hifadhi inamtaka mtoto atembee kwa utulivu, asipige kelele, na kama mnyama hakutokea leo, ndiyo maumbile. Kwa uhifadhi hiyo ni hatua mbele, sibishi. Kwa mtoto aliyekuja na shule akitaka simba, cheo cha kisiwa hakimsaidii sana.

Wala tusidhani wenzetu walianza na utaratibu mzuri. Disneyland ilipofunguliwa Anaheim, California, tarehe 17 Julai 1955, siku ile ilikuwa ya walioalikwa tu. Watu wakachapisha tiketi za bandia, wakajaa karibu mara mbili ya waliotarajiwa, na mjanja mmoja akaegemeza ngazi kwenye uzio akawa anatoza dola tano kwa kichwa. Mabomba mengi ya maji ya kunywa hayakutoa maji. Na kwa miaka mingi, hadi 1982, ulilipa kuingia na kisha ukanunua kitabu cha tiketi za kupandia michezo ndani, kwa hiyo yule kijana wa bembea ana mababu. Kibaya zaidi kilikuwa mageti yaliyomkataa mtoto kwa rangi. Martin Luther King, katika barua yake ya mwaka 1963 kutoka jela ya Birmingham, anaeleza ugumu wa kumfafanulia binti yake wa miaka sita kwa nini hawezi kwenda Funtown aliyoiona ikitangazwa kwenye televisheni, kwa sababu ni ya watoto weupe. Tangazo linamfikia mtoto yeyote, geti linachagua. Nilipoisoma ile barua chuoni niliiona ya siasa. Juzi nikiwa kwenye benchi niliiona ya baba.

Turudi kwenye ule mti mwekundu, maana nataka kuwa mkweli. Kumpima mtoto mlangoni hatukuanza na bembea. Baba yangu aliandikishwa shule kwa mtindo ule wa mkono kuvuka juu ya kichwa na kugusa sikio la upande wa pili. Wasio na cheti cha kuzaliwa walikuwa wengi, kwa hiyo sikio ndilo lilikuwa cheti. Alirudishwa nyumbani mara ya kwanza, na anasema alishinda mwaka mzima akivuta mkono. Kipimo kile hakikujua umri, kilijua urefu wa mkono. Lakini mti wa bembea una sababu. Mikanda na vyuma vya kushikilia kwenye bembea za kuzunguka vimetengenezwa kwa mwili wa urefu fulani. Mtoto mfupi anaweza kuchomoka. Kwa hiyo yule kijana aliyemkatalia mpwa wangu alikuwa sahihi, na nilimwambia hivyo kabla hatujaondoka. Kosa ni mahali ulipowekwa mti. Ungekuwa pale dirishani, kando ya kibao cha fedha isiyorudishwa, mzazi angempima mwanawe kwanza halafu aamue. Gharama yake ni kubeba mti hatua hamsini. Haujabebwa, na nadhani wote tunajua kwa nini.

Sasa nafika kwenye sehemu ambayo nimeizungukia.

Tarehe 1 Oktoba 2008 ilikuwa Idi el Fitri. Nilikuwa na miaka minane, darasa la pili. Sisi si Waislamu, lakini pale Mhunze sikukuu ya mwenzako ni yako, pilau haliulizi dini. Watoto wa majirani walikuwa wanakwenda Shinyanga mjini kwenye disko toto. Kwa wadogo wasiolijua: siku za sikukuu kumbi za starehe zilifunguliwa mchana kwa ajili ya watoto, unalipa kiingilio kidogo, kuna muziki, soda na taa za rangi. Nilitaka kwenda kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote. Mama akakataa. Hakuona hatari yoyote, nauli tu ndiyo haikuwepo. Nikalia nyuma ya nyumba hadi giza.

Asubuhi yake redio ikatangaza habari ya Tabora, mkoa jirani. Katika disko toto la Idi, ukumbi wa klabu moja ya usiku ulijazwa watoto kupita uwezo wake. Hewa ikaisha, wakakanyagana. Watoto karibu 20 walikufa. Walikuwa wa umri wangu na zaidi kidogo, wamevaa nguo mpya. Mama alisikiliza amesimama, mwiko mkononi. Akazima redio, akaniita nikanywe uji, na siku hiyo hakuniruhusu hata kwenda kisimani peke yangu. Hatujawahi kuizungumza tena.

Miaka mingi baadaye, nikiwa natafuta mambo mengine, nilikutana na habari ya mji wa Sunderland, kaskazini mwa Uingereza. Tarehe 16 Juni 1883, katika ukumbi wa Victoria Hall, kulikuwa na maonyesho ya watoto ya kiinimacho. Mwishoni ikatangazwa kwamba wenye tiketi za namba fulani watapewa zawadi, na zawadi zikaanza kugawiwa chini, kwa waliokaa karibu na jukwaa. Watoto wa ghorofani wakakimbilia ngazi wasikose. Chini ya ngazi kulikuwa na mlango unaofunguka kwa ndani, nao ulikuwa umefungwa kwa komeo la sakafuni ukiacha upenyo wa kupita mtoto mmoja tu, ili tiketi zikaguliwe vizuri. Walikufa watoto 183, wa kati ya miaka mitatu na 14. Soma tena ile sababu ya komeo. Hakuna aliyetaka kuua mtu. Mtu alitaka tiketi zihesabike.

Waingereza walibadili sheria, wakataka kumbi ziwe na milango ya kutokea inayofunguka kwa nje. Kijana wa Sunderland aitwaye Robert Alexander Briggs akabuni kile chuma cha kulala mlangoni, ambacho ukikisukuma kwa mwili tu mlango unafunguka, akakipatia hataza mwaka 1892. Mkiingia hoteli kubwa au majengo mapya Dar es Salaam mtakiona. Kilizaliwa kwenye msiba wa watoto.

Na sisi baada ya Tabora? Tulipiga marufuku disko toto. Kila inapokaribia Idi au Krismasi utasikia makamanda wa polisi wa mikoa wakirudia: disko toto marufuku. Nimeandika habari hiyo mwenyewe, inachukua dakika kumi kuiandika kwa sababu unabadilisha tarehe tu. Silaumu marufuku; ningekuwa kamanda mwaka 2008 ningeitoa usiku uleule. Lakini marufuku ilifunga disko, haikufungua mlango. Watoto hawakuacha kutaka kucheza sikukuu. Wamehamia kwenye hizi sehemu za bembea, zenye jumba la upepo na treni, na ukitaka kujua siku yoyote wako wangapi ndani, atakayekujibu ni mwenye kitabu cha risiti, naye atakujibu kwa shilingi.

Ndiyo maana nilipokuwa kwenye benchi, mpwa kanyamaza pembeni yangu, macho yangu yalianza kutafuta kitu bila mimi kuyatuma. Nikaona ukuta, juu una vipande vya chupa. Nikaona lile geti tuliloingilia, lenye upenyo wa mtu mmoja na mnyororo. Nikazunguka eneo zima. Nikamrudia yule mlinzi wa chapati, nikamwuliza kwa upole, "Kaka, mlango wa dharura uko wapi?"

Akaniangalia juu mpaka chini. "Wa nini, braza? Unataka kutoka kwa dharura gani na watu wanatokea hapa?"

Nikamwomba nionane na msimamizi. Kwa haki yake, alikuwa mtu mstaarabu. Hakujua mimi ni mwandishi, na nilimwambia mwishoni. Alinieleza kodi ya kiwanja, umeme, vipuri vinavyochukua miezi kuja kutoka China, na wazazi wanaopitisha watoto wa marafiki kwa tiketi moja. Chakula cha nje alikizuia kwa sababu kantini ndiyo inayolipa mishahara. Kuhusu mlango wa pili alisema kweli tupu: walikuwa nao nyuma, wakauziba kwa sababu vijana walikuwa wanapitia hapo bila kulipa. Nikamwuliza siku ya Krismasi wanaingia watoto wangapi. Akacheka akasema, "Siku hiyo hatuhesabu, tunashukuru Mungu."

Nilimsimulia Tabora. Alikuwa anaikumbuka. Akanyamaza kidogo, akasema atazungumza na mwenye mali. Nimempigia simu mara mbili tangu nirudi. Mara ya kwanza mwenye mali alikuwa safarini. Mara ya pili aliniambia mlango utafunguliwa ila watauwekea kufuli, na ufunguo atakaa nao mlinzi wa mbele. Nitampigia tena.

Tulipotoka, mlinzi aliturudishia chapati zetu na maji, kila kitu kimetimia, hilo nampa. Tulizila kituo cha mabasi Nyegezi, tukiwa tumekaa juu ya begi. Kulikuwa na jamaa mmoja pale anauza dawa za meno, ana nyoka shingoni, amezungukwa na watu. Mpwa akaniachia chapati yake akapenya katikati ya miguu ya watu mpaka mbele kabisa, akakaa huko mpaka basi likapiga honi.

Kabla sijaondoka Mhunze alinishika akataka apimwe. Nikamsimamisha kwenye fremu ya mlango wa jikoni, nikaweka kitabu juu ya kichwa, nikachora kwa penseli: 117. Ananiandikia kwa simu ya mama yake kila Jumamosi. Jana alikuwa 117 na nusu, lakini dada anasema alivaa viatu.